Arobaini ya Biskuti

Ulikuwa mwaka 2020. Hapana, nakosea. Mwaka 2020 kila mlango wa Kizota ulikuwa na ndoo ya kunawia mikono, na siku Penina alipokuja na wale wanyama hapakuwa na ndoo mlangoni. Nakumbuka kwa sababu alipoingia alijikwaa, na alijikwaa kwenye jiwe langu la kunolea, si kwenye ndoo. Basi ulikuwa 2019, uwele umeshavunwa na upepo umeanza. Tuuache hapo.

Penina ni mke wa marehemu mdogo wangu. Mimi ni mnoaji wa visu na majembe, kwa hiyo natembea. Wiki hii niko Msalato, wiki ijayo nikipata lifti niko Kongwa, na nikirudi Kizota nalala kwake, kwenye kile chumba cha nje alichokuwa anawekea mkaa. Nasema hivi ili ijulikane kwamba mengine niliyaona mwenyewe na mengine niliyakuta yameshatokea, nikasimuliwa nikila.

Wakati huo alikuwa anafanya kazi za ndani kwa familia moja upande wa Ilazo, watu wa wizara waliohamia hapa na serikali. Familia nzuri, hawakuwa watu wa kelele. Walikuwa na mtoto mmoja, Sabrina, wa miaka kama kumi, na Sabrina alikuwa na hamsta wawili. Kwa asiyemjua hamsta, ni panya. Penina hapendi nikisema hivyo. Ni mnyama mdogo, mnene, rangi ya andazi, mkia wake ni kama aliyemuumba aliusahau akaukumbuka dakika za mwisho, na ana mifuko mashavuni. Ukimpa alizeti hali, anapakia. Anajaza shavu la kulia, anajaza la kushoto, anakwenda kwenye kona kushusha mzigo, halafu anarudi kupakia tena. Penina ni Mgogo, amekulia kwenye nyumba ambazo watoto waliulizwa kila asubuhi kama ghala limefungwa. Mnyama anayeweka akiba alimwelewa siku ya kwanza.

Jike aliitwa Biskuti. Dume aliitwa Karanga.

Baba yake Sabrina alipata nafasi ya kwenda kusoma nje miaka mitatu, akamchukua mke na mtoto. Hamsta hawakupata nafasi. Siku ya kuondoka yule mtoto alimkabidhi Penina vizimba viwili, kimoja mkono huu, kimoja mkono huu. Akamwambia wasiwekwe pamoja kwa sababu wanapigana. Akamwambia kila jioni agonge kopo mara mbili kabla ya kuwapa chakula, ndivyo walivyozoea. Kisha akasema, "Mama Penina, nitunzie Biskuti mpaka nirudi."

Penina akajibu, "Utamkuta."

Wengine tungesema "Mungu akipenda," au "tutajitahidi, mwanangu." Penina nimemfahamu tangu alipoletwa kwetu akiwa msichana mwembamba anayeogopa mbuzi wa mama, na sijawahi kumsikia akitoa neno akalirudisha. Ni tabia inayomletea tabu.

Kizota, nyumba yake iko nyuma ya mafundi seremala, na maranda ya kutandikia alipata bure, magunia na magunia. Tatizo lilikuwa majirani. Mtaani kwetu panya hutegwa. Balozi wetu wa nyumba kumi, mzee Zablon, alikuja kutazama akiwa ameweka mikono nyuma.

"Penina," akasema, "sisi tunawanunulia sumu, wewe unawanunulia tango."

"Wa kwako wana mkia, balozi."

"Ndiyo tofauti yenyewe?"

"Na hawa wana mwenyewe. Wameachwa tu hapa."

Ilikuwa hivyo miezi kadhaa. Halafu akaja Joel, bwana mifugo, kijana mpole, kuchanja kuku wa mtaa kideri. Alipomaliza, Penina akamwomba awatazame na hawa.

"Mama, mimi nimesomea ng'ombe," akasema Joel.

"Ng'ombe si ana damu? Na hawa wana damu."

Joel akakubali kwamba wana damu. Akatoa simu, akasoma. Alisoma muda mrefu, anatelezesha kidole, midomo inacheza. Akasema wanakula vizuri, maji safi, kizimba kikavu, kila kitu sawa. Wanaishi miaka miwili. Wakitunzwa sana, miwili na nusu.

"Miaka ya nani?" akauliza Penina.

"Ya kawaida, mama. Hii yetu."

Penina akatazama vidole vyake. "Mtoto anarudi baada ya mitatu."

"Basi hatamkuta."

"Nilimwambia atamkuta."

Joel akarudi kwenye simu, nadhani kwa heshima tu. Nilikuwa nimekaa pale na panga la mtu magotini, nikaacha kunoa. Mwishowe akasema, "Anaweza kumkuta mtoto wake. Au mjukuu."

"Basi azae," akasema Penina.

Ndivyo Penina alivyoingia kwenye ufugaji. Joel alimweleza kwamba kazi hiyo hufanyika jioni, na kwamba jike ndiye anapelekwa kwenye kizimba cha dume, dume haji kwa jike, maana jike akifuatwa kwake anaua. Penina alilipenda hilo. "Bibi harusi ndiye anayehamia," akasema. "Inaeleweka." Nilitolewa nje. Nikakaa uani nikanoa kisu ambacho nilishakinoa asubuhi. Baadaye Penina akatoka amembeba Biskuti kwenye taulo, akaniambia harusi imekwisha. Karanga alikuwa ametobolewa sikio.

Baada ya wiki mbili na kitu Biskuti akazaa. Mwaka huo sasa ndio wa ndoo; ilikuwa Machi, au Aprili mwanzoni. Walikuwa wanane, wekundu, hawana manyoya, macho yamefungwa, kila mmoja kama punje ya haragwe lililolowekwa usiku kucha. Penina alimwambia jirani mmoja tu. Mmoja alitosha.

Hapa inabidi nieleze jinsi tulivyo. Kwetu mtu akizaa, watu huja kumwona mtoto. Hawaji mikono mitupu. Na mtoto hawamtazami kwa mbali, wanampakata, wanamgeuza, wanasema amefanana na nani. Ukimzuia mtu asimwone mtoto, umemwambia mbele za watu kwamba ana jicho baya. Umemwita mchawi. Kwa hiyo hakuna anayezuia, hata mtoto awe na homa.

Wa kwanza walikuja kwa mzaha, nakubali. Kizazi cha panya, twende tukacheke. Lakini mguu ukishakanyaga nyumba yenye mtoto mchanga, mazoea yanakushika. Mmoja alirudi kwake kuchukua karanga kwenye kikombe. Mwingine akaleta unga wa lishe kijiko kimoja kwenye karatasi. Akina mama wa kwaya walikuwa wanatoka mazoezini, wakaimba ubeti mmoja, ule wa furaha. Na kwa kuwa ulikuwa mwaka wa ndoo, kila mmoja alinawa kwanza kwa sabuni, vizuri, mpaka kwenye viwiko. Halafu akanyoosha mkono akapewa mtoto.

"Huyu katoka kwa baba yake."

"Pua ni ya mama."

"Mama mwenyewe mbona ananuna?"

"Uchungu wa wanane, mwenzangu, ungekuwa wewe ungecheka?"

Penina alikuwa anawapokea na kuwarudisha watoto mmoja mmoja, anasema asante, asante, karibuni tena. Biskuti alikuwa kwenye kona amevimba.

Kesho yake asubuhi walikuwa watatu. Jioni hapakuwa na mtoto. Biskuti alikuwa amekaa katikati ya kizimba anasafisha uso.

Penina hakulia. Aliosha kibakuli cha maji, akakirudisha, akagonga kopo mara mbili, akaweka mtama. Mimi nilifika siku hiyo kutoka Kongwa na vumbi langu, nikauliza watoto hawajambo. Akaniambia, "Amewala, shemeji." Nikaona nisiulize la pili.

Mtaa ulichafuka. Kila aliyekuja kuona alianza kumtazama mwenziwe aliyekuja kuona. Nani alishika wa kwanza? Nani alisifia sana? Mama wa unga wa lishe na mama wa karanga hawakusalimiana mpaka Jumapili ya pili. Ilibidi Joel aitwe, akasimama uani pale akaeleza kwamba hakuna jicho la mtu lililohusika. Mama yule alisikia harufu za mikono, sabuni nane tofauti, akajua wanawe wameonekana na watachukuliwa. Akiogopa hivyo huwarudisha alikowatoa.

"Kwa hiyo ni sisi," akasema Penina.

"Ni mikono, mama."

"Ni sisi."

Akauliza kama atazaa tena. Joel akasema Biskuti amekwishafika mwaka, na uzazi wao hufunga mapema. Mara moja tena, pengine. Ya tatu asiitegemee.

Sasa Anifa. Nyumba yake inatazamana na ya Penina, anapika vitumbua, kwao ni watu wa Majengo tangu enzi za misafara. Yeye hakuja kuona watoto ile siku, alikuwa na mafuta jikoni. Alikuja baada ya msiba, akakaa kwenye kigoda, akavua ndala.

"Dada, nikwambie kosa lako?"

"Niambie."

"Umemzalisha mwenzio ukamweka sokoni. Mzazi anafungiwa. Anakaa ndani arobaini, pazia limeshuka, anakula uji wake kwa amani. Hata panya."

"Hata kwetu mzazi anakaa ndani, Anifa. Lakini watu wanakuja. Nitamfukuzaje mtu mlangoni? Nikimkatalia mama wa kwaya nimemwita mchawi."

"Ukimkatalia yeye peke yake, ndiyo. Kataa wote. Nikatae na mimi. Ujikatae na wewe mwenyewe usitazame. Hapo nani kaitwa mchawi?"

Penina akafikiri. "Na mtoto wa mtu akija analia kwamba anataka kuona?"

"Mpe kitumbua. Nitakuletea."

Wakabaki na hesabu ya siku, kwa sababu Joel alikuwa amesema watoto hutengwa na mama wakifika wiki ya nne, madume kushoto, majike kulia, wasije wakapandana. Arobaini isingewezekana. Anifa akalimaliza hilo akiwa anavaa ndala: "Panya ni mdogo. Na arobaini yake ni ndogo."

Basi Biskuti alihamishiwa kwa Karanga jioni moja, akarudishwa kwenye taulo, Karanga akapata na tundu la pili. Kizimba kikawekwa kwenye chumba changu kwa sababu ndicho kilichokuwa na kimya. Mimi nikahamia barazani. Penina alishusha kitenge mlangoni, akajaza maranda mengi, akampa karatasi laini za kujengea kiota, akamwekea akiba ya uwele na alizeti na yai la kuchemsha lililokatwakatwa. Kuanzia pale chakula kiliingia kwa mwiko. Alisimama nje ya kitenge, akagonga kopo mara mbili polepole, akaupitisha mwiko chini ya pazia na kijipande cha tango kwenye ncha, akausukuma bila kutazama, na kuurudisha. Mwiko ule unanuka ugali, haunuki mtu.

Na mlangoni akaniweka mimi, maana kati ya watu wote wa nyumba ile ni mimi tu niliyekuwa naweza kukaa. Miguu ilikuwa imevimba mwezi ule. Nilikaa na jiwe langu. Watu walikuja, nikawaambia ni arobaini, hakuna anayeingia, na Penina mwenyewe haingii. Wengi walicheka wakanipa kisu wanachotaka kinolewe. Ilikuwa baraza nzuri kwa kazi.

Zablon hakucheka.

"Nimesikia kuna uzazi," akasema.

"Upo, balozi."

"Wangapi?"

"Hatujui."

"Hamjui? Wako ndani ya nyumba, hamjui?"

"Hajawaona mtu."

"Mimi ni balozi. Kiumbe hazaliwi kwenye nyumba kumi zangu nisimjue."

"Utawajua. Arobaini ikiisha."

Akashusha sauti. "Mzee mwenzangu, niambie ukweli. Penina ananiogopa? Kuna mtu amenisema?"

"Hata Penina amejikataza."

"Na wewe?"

"Mimi nimenyang'anywa kitanda, balozi, na bado sijaona."

Akasimama pale. Nikamwona anapima kama ametukanwa. Halafu akaniuliza kama naweza kunoa shoka. Akaenda kulileta, na alipolileta akakaa na yeye, upande wa pili wa mlango, na alipokuja mtu mwingine Zablon ndiye aliyemwambia, tena kwa ukali, kwamba ni arobaini na hakuna anayeingia.

Penina ndiye aliyeumia siku zile. Angeweza kufunua kitenge kwa kidole kimoja. Nilikuwa namwona anasimama pale na mwiko wake mkononi, uso umegeukia ukutani kama mtoto aliyeadhibiwa, na anasikiliza. Hakukuwa na cha kusikia. Hakujua kama ndani kuna watoto au kuna mama aliyeshiba. Hiyo ilikuwa ndiyo mara ya mwisho ya Biskuti kuzaa, na neno la Penina lilikuwa mle nyuma ya kitenge.

Halafu jioni moja aligonga kopo, akasukuma mwiko, akabaki ameinama. Akaniita kwa mkono.

"Shemeji, sikia."

Nikasikia meno. Alizeti inapasuliwa.

"Anakula," nikasema.

"Sikia vizuri. Ni meno mengi."

Tukasikiliza wote. Zablon naye akaja na shoka lake, akaelekeza sikio. Yalikuwa mengi.

Kitenge kilipofunuliwa walikuwa sita, macho wazi, wana manyoya, wanapakia mashavu kama mama yao, na mmoja wa kike alikuwa na doa jeupe begani. Penina alimtanguliza Zablon awe wa kwanza kuwaona. Akawatazama sana.

"Ni panya tu," akasema.

"Umewaona lakini?"

"Nimewaona."

"Basi umeshawajua, balozi," akasema Penina, akaenda kupika.

Biskuti alikufa kabla ya mwaka kwisha, kwenye kiota chake, akiwa mnene. Karanga hakukawia kumfuata. Tuliwazika nyuma, kwenye ua wa minyaa, na Anifa alikuja na kusimama. Madume Penina aliwagawa kwa watoto wa majirani, majike akabaki nao, na yule mwenye doa akamwita Biskuti. Joel alimkumbusha kwamba huyu naye ana miaka yake miwili. Akasema angeweza kumpandisha na kaka yake, mara moja haina madhara, hata vitabu vinasema.

"Ndugu kwa ndugu?" akasema Penina. "Ndani ya nyumba hii?"

"Ni wanyama, mama."

"Nyumba si ya wanyama."

Joel alirudi kwenye ng'ombe wake. Ikabaki kazi yangu, kwa sababu mimi ndiye ninayetembea. Nilikokwenda kote kunoa visu nikauliza kama kuna mtu ana hamsta dume. Kongwa walinionyesha nguruwe. Nilitembea hivyo mpaka mwaka 2021, na siku moja Msalato nikawa kwenye nyumba ya kupanga, nanoa kisu cha mwanafunzi wa chuo anayeitwa Mudrick, nikasikia ndani kitu kinazunguka kama baiskeli isiyo na tairi.

"Mjukuu wangu, hicho ni nini?"

Akafunga mlango. "Babu, usimwambie mwenye nyumba. Ni hamsta."

"Dume au jike?"

"Dume."

"Ana ndugu Kizota?"

"Hana ndugu Tanzania nzima. Kaka yangu alimleta kutoka Nairobi."

Nikaweka kisu chini. Nikavua kofia. "Basi nimetumwa," nikasema.

Alicheka mpaka akakaa kitandani. Lakini alikuwa kijana aliyelelewa, alipomaliza kucheka akanivutia kiti, akaniletea maji, akasema, "Babu, huko kwenu mwanamke ndiye anayeposa?"

"Hapana. Ila huyu wa kwetu ana muda mfupi."

"Na mahari?"

"Watoto wakitimia, mmoja wa kwako."

"Nitasema nini nikimaliza chuo, kwamba nimeoza?"

Akakubali. Bibi harusi ndiye anayehamia, kwa hiyo Penina alimpeleka mwenyewe, kikapu mapajani, nyuma ya bodaboda kutoka Kizota mpaka Msalato, na njia nzima akamwambia dereva apunguze mwendo, ana mgeni. Waliporudi chumba changu kikashushiwa kitenge tena. Safari hii mtaa ulikuwa unajua. Mama wa kwaya alipita barazani akasema "hongera" kwa sauti ya chini, akaweka karanga kwenye kikombe, akaenda. Watano walizaliwa, watano wakakua. Mudrick akapewa wake, kisha akamaliza masomo akaondoka na wote wawili, baba na mwana. Mmoja wa kike alikuwa mweupe mabegani yote mawili. Huyo naye akaitwa Biskuti.

Nafika mwisho sasa. Mwaka 2022, upepo ukiwa umeanza tena, gari jeupe likasimama mbele ya mafundi seremala. Akashuka msichana mrefu. Mama yake alibaki ndani ya gari anazungumza na simu, akanipungia mkono.

"Shikamoo, babu. Mama Penina yupo?"

Alikuwapo. Walishikana pale mlangoni muda mrefu, na Sabrina alikuwa amempita urefu, ilibidi Penina amkumbatie kiunoni. Akamleta mpaka kwenye kizimba. Yule msichana akachukua kopo, lilelile, akaligonga mara mbili.

Maranda yakatikisika. Biskuti akatoka, akaja mpaka kwenye nyavu, akasimama kwa miguu ya nyuma akinusa.

"Ananikumbuka!" akasema Sabrina. "Mama Penina, ananikumbuka! Na hajazeeka hata kidogo!"

Pale Penina angeweza kunyamaza tu. Mimi ningenyamaza. Mtoto anacheka, mnyama amesimama, gari linasubiri. Nikamwona anafuta mikono kwenye kanga yake, na mikono haikuwa na kitu.

"Kaa, mwanangu," akasema. "Huyu si Biskuti uliyeniachia. Huyu ni mjukuu wake."

Akamweleza yote. Miaka miwili ya Joel, wale wanane, mwiko, bodaboda. Hakuficha wale wanane. Sabrina alisikiliza, kidole kimoja kwenye nyavu.

"Kwa hiyo huyu hanijui," akasema mwishoni.

"Anakujua kwa kusikia. Kopo hilo bibi yake alilisikia kwako. Mimi nikaligonga tu."

Akaomba kuona walipozikwa. Akasimama kwenye minyaa kidogo, akafuta macho kwa mkono wa sweta, akauliza kama kweli akina mama waliimba. Penina akamwambia waliimba. Akacheka huku analia. Halafu akasema, "Uliniambia nitamkuta."

"Nilisema."

"Nimemkuta kiasi."

"Kiasi," akasema Penina.

Mama yake akapiga honi kidogo. Ndipo likatoka lile lingine. Baba amepangiwa kituo kipya, wanahamia mbali kesho, na Sabrina mwenyewe anakwenda shule ya bweni, na shule haipokei wanyama. Alilisema akiwa ametazama chini. Akarudi kwenye kizimba, akanong'ona na yule mnyama, kisha akamgeukia Penina, na nikajua anachotaka kusema kabla hajasema.

"Mama Penina, nitunzie mpaka nirudi."

Penina alitazama kizimba. Sijui alihesabu nini. "Utamkuta," akasema.

Mtoto akaingia garini. Mimi nilikuwa na miguu yangu ile, lakini niliharakisha mpaka kwenye dirisha. Nilikuwa na sababu. Mudrick ameondoka na dume lake, Biskuti huyu anakaribia mwaka, na nchi hii naijua ina hamsta wangapi, nimeitembea. Kama mtoto anarudi likizo ya Desemba, hakuna haja. Kama ni mpaka amalize shule, inabidi nianze kuuliza kesho asubuhi.

"Mjukuu wangu," nikamwambia, "sasa sisi tutafute mume, au tusitafute?"

Kioo kilikuwa kimeshapanda. Alinipungia mkono, akacheka vizuri, na gari likaondoka. Nikarudi nikamuuliza Penina. Alikuwa anagonga kopo. Nimemuuliza tena mara nyingi tangu hapo, nikipita, nikiwa nakula: shemeji, tutafute, au tusitafute?